Haki ya Kungojea

"Uniwie radhi, mama," msichana wa benki alisema, "lakini lazima niulize. Kuna mwanamume?"

Sateki aliinuka kabla mama yake hajafungua kinywa. Huku kwetu Tonga mtoto wa kiume hakai mahali mama yake anapoulizwa swali la namna hiyo, hata akiwa na miaka thelathini na mitano na watoto watatu, na hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyemleta mama benki. Alitoka nje, akasimama karibu na mashine ya kutolea pesa na kujifanya anasoma tangazo.

"Hakuna," Akanesi alijibu.

"Yaani hujaolewa tena, wala huna mtu ambaye..."

"Nimesema hakuna. Mimi ni kiongozi wa darasa la akina mama kanisani. Nenda kaulize."

"Siulizi kwa ubaya. Fomu ndiyo inayouliza." Msichana aliandika kitu. Jina lake lilikuwa Uinise, na alikuwa amesoma darasa moja na binti wa Akanesi, jambo lililoifanya aibu iwe kubwa zaidi. "Unajua sheria, mama. Mjane anakaa kwenye kiwanja cha marehemu mpaka afe. Lakini akiolewa, haki imekwisha. Ikithibitika ana mwanamume, haki imekwisha. Sasa benki itaandika vipi mkopo mpya juu ya haki inayoweza kwisha Jumamosi usiku?"

Kwenye benchi la nyuma mtu alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake. Akanesi aliukaza mkeka wa maombolezo aliojifunga kiunoni. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na katika umri huo hakutegemea kuchekwa na watu waliokuja kutoa vijisenti vyao.

"Na mwanangu je? Yeye sasa ana mshahara, yupo ghala la bandarini."

"Sateki ni mrithi. Siku haki yako ikiisha, kiwanja ni chake, na siku hiyohiyo tutamwandikia mkopo mpya, malimbikizo yote tuyaingize humo, awe analipa kidogokidogo. Lakini leo hana kitu, mama. Ana kungojea tu, na benki haikopeshi kungojea."

"Na kama hatukulipa?"

Uinise alifungua mkataba ambao Feleti, marehemu mumewe Akanesi, aliutia sahihi mwaka ule wa kulima maboga ya kuuza nje, wakati kila mtu kisiwani alikuwa tajiri mtarajiwa wa soko la Japani. Alisoma kwa sauti ya chini, na hilo Akanesi alimshukuru. Mwisho wa mwezi benki ingeingia. Isingeuza, maana ardhi huku haiuzwi. Ingeipangisha nyumba kwa mtu mwingine, ichukue kodi yake, kwa ile miaka saba iliyobaki kwenye rehani. Miaka saba ikitimia benki inatoka, iwe imepata au imekosa.

"Na mimi?"

"Wewe haki yako haifi. Inasimama nje, unaisubiri. Mradi ubaki mjane."

*

Shangazi Lesieli alifika siku ya pili asubuhi bila kuitwa. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu, na kwetu dada wa baba ndiye mwenye neno la mwisho katika nyumba ya kaka yake. Marehemu mwenyewe alipokuwa hai alimwogopa. Akija huchukua godoro zuri, hula kichwa cha samaki, na akisema jambo limekwisha, limekwisha.

Aliketi kwenye kiti, wengine wakaketi chini mikekani: Akanesi, na binti yake Seilose ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na hajaolewa. Sateki, aliyeishi humo na mkewe na watoto, alibaki barazani, amekalia ndoo na kuupa mlango mgongo. Kikao kilikuwa cha habari za ndoa, na kaka na dada hawawezi kuzisikia habari hizo wakiwa chumba kimoja. Ni adabu, na mimi siichezei. Ila nasema tu kwamba siku ile mtu pekee ambaye angefaidika na mazungumzo alikuwa nje akitazama kuku, na hakuna aliyemuuliza chochote.

"Nimetoka ofisi ya ardhi," Lesieli alisema. "Njia ziko nne. Ya kwanza kufa, hatutaki. Ya pili kuirudisha haki kwa barua, lakini hiyo mpaka mawaziri waketi, na mawaziri wetu mnawajua. Benki itakuwa imeshabadilisha vitasa. Ya tatu ni kufumaniwa..."

"Shangazi!" Seilose alifunika uso.

"Nataja tu. Jina letu haliwezi kusomwa mahakamani. Imebaki ya nne. Akanesi ataolewa, haki yake itakwisha kwa heshima, Sateki atashika kiwanja, benki itaandika karatasi zake, tutakula nguruwe."

Akanesi alidhani hakusikia vizuri. "Wifi, mwaka juzi uliniambia nikimtazama mwanamume utanivua mkeka wa kaka yako barabarani."

"Mwaka juzi ni mwaka juzi. Yule fundi pampu bado yupo?"

Kila mtu alijua yupo. Fineasi alikuwa mjane wa kiume wa miaka sitini na mitatu, anatengeneza pampu za maji na mashine za kukatia nyasi. Kila Jumapili jioni, duka la mikate likifunguliwa, alinunua mikate miwili, mmoja wake, mmoja akaupitisha juu ya uzio wa Akanesi. Miaka mitatu. Hakuwahi kupita getini hata mara moja, kwa kuwa wote wawili walijua getini kuna macho na macho yanaweza kuitwa shahidi.

"Unamtaka, humtaki?" Lesieli aliuliza.

Akanesi alitazama mkeka. Alimtaka. Alimtaka mpaka siku nyingine alikuwa anachukia Jumatatu kwa kuwa ndiyo iliyo mbali zaidi na Jumapili. Furaha ilimpanda kifuani kwa ghafla, na pamoja nayo hasira: kumbe lililokuwa dhambi mwaka juzi lilikuwa linasubiri tu kuwa na faida kwa wenye ukoo.

"Wifi, mimi nitakaa wapi?"

"Utakaa hapahapa! Mwanao atakufukuza? Au utakwenda kwa mumeo, si ana nyumba?"

"Ana chumba kimoja na karakana."

"Basi utakaa hapa. Sateki!" Lesieli alipaza sauti kuelekea barazani. "Umesikia?"

"Sijasikia kitu, shangazi," Sateki alijibu, akiwa amegeukia kuku.

"Umekubali?"

"Nimekubali."

Seilose alikuwa amekunja ncha ya mkeka mpaka ikakatika.

*

Jioni ile Akanesi alikwenda mwenyewe mpaka uzioni, na haikuwa Jumapili. Alipomwambia, Fineasi aliweka chini bisibisi, akaiokota, akaiweka tena.

"Wameruhusu?"

"Wameamuru."

"Mimi sichagui," alisema. "Hata wangenihukumu nikuoe, ningetumikia." Halafu alicheka peke yake, akajishika kichwa. "Inabidi ninyolewe."

Alikwenda kunyolewa kesho yake asubuhi, siku sita kabla ya harusi, na mtaa mzima ukajua.

*

Seilose alisubiri mpaka Jumamosi, kaka yake alipokwenda shamba kuchimba magimbi. Mama na binti walikuwa kwenye jiko la nje wakipanga majani ya magimbi ya kutengenezea lu, chakula cha Jumapili, mama akimimina tui, binti akifunga nyama ndani.

"Mama, ukiisha kuolewa, nyumba hii itavunjwa."

Akanesi aliendelea kumimina mpaka tui likafurika. "Nani kasema?"

"Kaka amewekeana mkataba na mwenye duka la vipuri pale njia panda. Siku akishika kiwanja anawakodisha chote, kutoka barabarani mpaka kwenye mnazi. Wanataka kujenga ghala. Miaka hamsini. Mke wa karani wa duka mtoto wake yuko darasani kwangu, ndiye aliyeniambia. Alidhani najua. Akanipongeza."

"Tangu lini unajua?"

"Wiki mbili."

"Na juzi ukakaa mbele ya shangazi yako ukanyamaza?"

"Ningesemaje, mama?" Seilose alianza kulia, mikono ikiwa imejaa nyama ya kopo. "Kikao cha ndoa, kaka yuko mlangoni! Nifungue kinywa nimshitaki kaka yangu kwenye mazungumzo ambayo hata kuyasikia hapaswi? Shangazi angenitoa nje kwa nywele."

Na kweli angemtoa. Akanesi alijua hivyo, akajua pia kwamba yeye ndiye aliyemfundisha binti yake adabu hiyo, kwa maneno na kwa kibao. Alitafuta mtu wa kumkasirikia, akajikuta amerudi palepale.

*

Sateki hakukana. Alishusha gunia la magimbi, akanyoosha mgongo taratibu kama mzee, maana mgongo wake ulibaki kwenye mashamba ya matunda ya Australia misimu mitatu iliyopita.

"Nilitaka kukuambia baada ya harusi."

"Baada ya harusi ningekuwa mgeni wako."

"Nitakujengea kule shambani, mama. Vyumba viwili, tangi la maji. Wewe na Fineasi. Mahali patulivu."

"Kule hakuna hata kanisa."

"Mama, nisikilize. Mshahara wangu ni elfu moja na mia moja kwa mwezi. Benki inataka mia sita na arobaini kila mwezi. Zinazobaki nilishe watoto watatu, nitoe za kanisa, nitoe za shangazi kila kukiwa na msiba? Bila ule ukodishaji siwezi kulipa, na nisipolipa tutakuwa tumezunguka kurudi palepale."

"Kwa hiyo uliuza."

"Nimekodisha! Na arbuni nilishachukua, elfu nne. Unadhani nani alilipa benki mwezi wa tatu? Ulidhani ni mikeka yako?"

Ilimchoma. Alikuwa ameifuma mikeka ile kwa usiku mwingi na alidhani ni hiyo hasa.

"Mama, mimi nimengojea," Sateki aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tangu baba afe nangojea. Nikienda popote wananiuliza, una ardhi? Nasema mimi mrithi. Wananicheka. Mrithi wa nini, mama yako ana afya! Wanasema hivyo, mbele yangu. Unajua ilivyo kuwa mtu ambaye bahati yake itakuja siku ya msiba wake? Sitaki kuwaza hivyo. Usiku mwingine nawaza."

Akanesi alikaa kwenye gunia. Alimwonea huruma, huruma ya kweli, ile iliyomfanya zamani amlambe vumbi machoni. Kama angesema tu, "Basi, mwanangu," mambo yote yangekwisha na angelala usingizi.

"Mosese ana miaka mingapi?" aliuliza.

"Mosese wangu? Sita."

"Sita na hamsini?"

Sateki alikwangua udongo wa magimbi kiganjani.

"Hamsini na sita. Atakuwa karibu na umri wangu ndipo arudishiwe kiwanja cha babu yake, kina ghala la chuma lenye kutu katikati. Mimi haki yangu inaishia kwangu, na yako inaishia kwako, Sateki. Wewe unakodisha ya mtoto ambaye hata kusoma mkataba hajui."

"Mosese anataka viatu vya shule, mama. Hataki kiwanja."

Lilikuwa jibu zuri. Waliacha hapo.

*

Alhamisi saa nne asubuhi walikuwa ofisini kwa msajili wa ndoa. Fineasi alivaa koti jeusi lililobana na mkeka mpya kiunoni, na nywele zilikuwa zimeshaanza kuota tena. Lesieli alikalia kiti cha mbele. Sateki na Seilose walisimama nje, kaka mlango wa mbele, dada mlango wa nyuma.

Msajili alisoma alichosoma, akageuza daftari, akaweka kalamu juu yake.

Akanesi hakuichukua. Aliinuka, akaenda mpaka mbele ya kiti cha Lesieli, akaketi sakafuni miguu pembeni, chini kabisa, kama anavyoketi mtu mbele ya mkubwa wake. Akaushika mkono wa wifi yake na kuubusu.

"Nisamehe, wifi yangu. Sitaolewa."

"Ondoka chini, unatuaibisha. Nenda katie sahihi."

"Sitatia."

"Nimeshasema jambo!" Lesieli alitazama huku na huku, kama anayetafuta mtu wa kumwambia kwamba masikio yake yamemdanganya. Katika maisha yake yote hakuna aliyemkatalia katika ukoo ule, hata marehemu. "Benki inaingia Jumatatu! Unataka mke wa kaka yangu atupiwe vyombo barabarani?"

"Benki waingie. Wakiingia wao watakaa miaka saba, halafu sheria inawatoa. Akiingia mwenye duka, atakaa hamsini."

"Duka gani?"

Hapo ndipo Lesieli aliposikia kwa mara ya kwanza habari ya ukodishaji, mbele ya msajili na karani wake. Aliposikia, uso ulimkauka. Kelele zake kila mtu alizitegemea, lakini hazikuja. Aliuvuta mkono wake kutoka kwa Akanesi, akatoka bila kuaga, na alipompita Sateki mlangoni hakumtazama. Ila hakurudi pia kumwambia Akanesi kwamba alikuwa na haki. Mpaka leo hajamwambia.

Fineasi alibaki amesimama pembeni ya daftari.

"Miaka saba," alisema.

"Na baada ya hapo bado, Fineasi. Nikiolewa wakati wowote Sateki anakishika kiwanja, na duka linaingia. Mpaka yeye abadili moyo au mimi nife."

"Nilikuwa nahesabu tu." Alifungua kifungo cha koti, akashusha pumzi. "Ningekuwa na sabini. Si mbaya sana sabini, kama mtu ana meno." Alitaka kucheka. Msajili aliinamia karatasi zake, akawaacha wote wawili walie kidogo, kwa kuwa na yeye alikuwa binadamu.

*

Benki ilikuja Jumatatu, vijana wawili na Uinise, wapole kuliko ilivyohitajika. Mpangaji mpya alikuwa mhasibu kutoka kisiwa kingine, na mkewe alisimama getini akiogopa kuingia kabla wenye nyumba hawajatoka. Akanesi na Seilose walikuwa wamepewa chumba cha nyuma cha ukumbi wa akina mama wa kanisa. Sateki alikuwa anahamia na watoto kwa wazazi wa mkewe, na kwa mwanamume wa Tonga hakuna chakula kichungu kama cha mezani kwa mkwe. Mwenye duka alikuwa anadai arbuni yake. Ili kuilipa, Sateki alikuwa ameandikisha jina kwenye orodha ya kwenda kuchuma matunda tena, na mgongo wake ulivyo.

Alibeba kila kitu yeye mwenyewe. Alibeba masanduku, mashine ya kushonea, picha kubwa ya baba yake, bila kukubali kusaidiwa. Mara ya mwisho alirudi kuchukua fungu la majani ya kufumia, akalipakia garini, akabaki ameshika ubao wa nyuma wa gari. Jasho lilikuwa linamtiririka. Mama yake alitamani kumfuta, lakini hakujua kama bado anaruhusiwa.

"Watakapotoka hawa," Sateki alisema, "mimi nitakuwa na arobaini na mbili."

"Najua."

"Na bado sitakuwa na kitu."

"Hutakuwa na kitu, mwanangu," Akanesi alisema. "Mimi nitakuwa hai."